Kabla ya Kulipia Msaada wa Barabarani, Itazame Barabara Yako

Wakala wa bima akishamaliza kukupigia hesabu ya gari lako, huwa ana sentensi moja ya kufungia biashara: "Na huduma ya kuvutwa imo." Wengi wetu tunaipokea kwa furaha, tunalipa na kuondoka. Hatuulizi gari litavutwa likiwa na tatizo gani, kutoka wapi hadi wapi, kwa kilomita ngapi, wala ni nani atakayepokea simu saa 8 usiku. Maswali hayo huja kutusumbua tukiwa tumeegesha pembeni ya lami baada ya Mdaula, watoto wamelala kiti cha nyuma, na malori ya Zambia yanapita yakilitikisa gari. Wakati huo hakuna tena la kuchagua.

Namwandikia mwenye gari la kawaida: IST, Noah, Harrier au Forester, anayeishi mjini na kwenda mkoani mara chache kwa mwaka. Ninachotaka kumwambia ni kwamba mpango wa msaada wa barabarani uchaguliwe kwa kuangalia barabara anazopita. Bei na brosha vije baadaye. Mpango unaomtosha mkazi wa Mikocheni asiyevuka Kibaha unaweza usimfae kabisa jirani yake anayekwenda Njombe kila Pasaka, hata kama wamelipa sawasawa kwa wakala mmoja.

Anza na ulichonacho tayari. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inashughulika na madhara uliyowasababishia wengine, kwa hiyo gari lako likizima njiani haikuhusu. Bima kubwa ndiyo inayowachanganya watu. Kwa kawaida ina kifungu kinacholipa gharama za kuliondoa gari barabarani na kulifikisha kwenye gereji iliyo karibu, lakini baada ya ajali au janga jingine ambalo bima yenyewe imelikubali. Fenibelti ikikatika, pampu ya mafuta ikifa au gia ikigoma kuingia, huo ni ubovu wa mitambo, na ubovu wa mitambo ni jambo ambalo bima kubwa kwa kawaida huliweka nje. Wakala aliyekuambia kuvutwa kumo hakukudanganya, ila alikuwa anazungumzia siku ya kugongana, na wewe ukawa unafikiria siku ya kuzimikiwa.

Kwa hiyo muulize moja kwa moja: "Gari likizima lenyewe, halijagonga wala kugongwa, mtakuja?" Akijibu ndiyo, mwombe akuonyeshe maandishi. Huduma ya namna hiyo huongezwa kwenye bima kama nyongeza yenye karatasi yake, masharti yake na kikomo chake cha fedha. Kama karatasi hiyo haipo, chukulia kwamba huduma haipo.

Wauzaji wengine ni vyama vya wenye magari, mfano AAT, yaani Automobile Association of Tanzania, pamoja na kampuni na gereji zenye magari ya kuvuta ambazo huuza uanachama wa mwaka. Mtindo wa vyama ni wa zamani. AA ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1905, na shirikisho la vyama hivyo duniani, FIA, lilianzishwa Paris mwaka 1904. ADAC ya Ujerumani ina wanachama zaidi ya milioni 20, na mafundi wake wanaozunguka na magari ya njano wanategemewa sana na madereva wa kule. Siri yao ni kuwa na mafundi wao wenyewe waliotawanyika nchi nzima, na magari yaliyojaa vifaa vya kutengenezea papo hapo. Kwetu, muuzaji mara nyingi ana ofisi na namba ya simu, kisha kazi ya barabarani anampa mkandarasi aliye karibu na ulipokwama. Sioni ubaya wa utaratibu huo. Unachopaswa kujua ni huyo mkandarasi ni nani na yuko wapi, maana yeye ndiye utakayemwona usiku ule.

Chukua ramani sasa. Ziandike barabara zako za mwaka mzima, kuanzia ya kila siku ya kwenda kazini, ya kijijini kwenu, ya harusi na misiba, hadi ya kumpeleka mtoto shule ya bweni. Kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye kwao Mbeya, hiyo ni njia ya takriban kilomita 830 inayopita Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Mlima Kitonga, Iringa na Makambako. Wa Moshi ana Segera, Korogwe, Mombo na Same. Wa Mtwara ana barabara ya kusini kupitia Kibiti, Somanga na Lindi. Kwenye kila njia weka alama sehemu tatu ambazo usingependa gari likufie, halafu nenda na orodha hiyo kwa muuzaji.

Usimuulize kama wanafika nchi nzima, kwa sababu atasema wanafika. Mwambie hivi: "Niko Ruaha Mbuyuni, saa 4 usiku, gari limechemsha na haliwaki. Gari lenu litatoka mji gani?" Anayeijua kazi yake atakutajia mji. Atasema Mikumi, au Iringa, au atakiri kwamba usiku hawana mtu upande ule mpaka asubuhi. Jibu la mwisho hilo lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu aliyekueleza mkiwa ofisini mahali pasipofikika hatakuahidi uongo ukiwa porini. Yule wa "usiwe na wasiwasi, tupo kila mahali" ndiye wa kumwogopa.

Ahadi za muda pia zipimwe kwa ramani hiyohiyo. Ukiona mpango unaahidi kufika ndani ya dakika 45, uliza dakika 45 ukiwa wapi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni karibu kilomita 300, na sheria yetu hailiruhusu gari zito kuzidi kilomita 80 kwa saa. Lori la kuvuta likitokea Dar, hata lisisimame popote, haliwezi kukufikia kabla ya saa tatu na robo tatu kupita, na hiyo haijahesabu foleni ya Kimara wala matuta ya vijijini. Kampuni yenye mkandarasi Morogoro mjini imebakiza kilomita 100 na ushei tu. Kinachoamua utasubiri kwa muda gani ni mahali lori lilipoegeshwa, na ahadi iliyochapishwa kwenye karatasi haiwezi kulisogeza.

Halafu jaribu simu. Kabla hujalipa chochote, ipigie ile namba ya dharura usiku, siku ya Jumapili. Hesabu inaita mara ngapi. Sikiliza kama anayepokea anakuuliza jina la mahali, aina ya gari na tatizo, au anakuambia upige tena Jumatatu ofisini. Mweleze ukweli kwamba unataka kujiunga na unaulizia huduma ya usiku. Wanaofanya kazi hii kwa dhati hawatakasirika.

Sasa tuje kwenye kilomita, mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Mipango mingi hutoa kilomita kadhaa za kuvutwa bure, na zinazozidi unalipia mwenyewe. Ni utaratibu wa haki, lakini uliza hesabu inaanzia wapi. Chukua mfano wa mpango wenye kilomita 50 za bure, gari lako limekufa Chalinze, na lori linatoka Dar. Kama kilomita zinahesabiwa tangu gari lako linapopakiwa, umepata nafuu ya karibu nusu ya safari ya kurudi mjini. Kama zinahesabiwa tangu lori linapotoka yadi, zile 50 zimekwisha likiwa bado maeneo ya Mlandizi, halijakufikia hata kukuona, na kutoka hapo kila kilomita ni ya mfukoni mwako, kwenda na kurudi. Mipango miwili yenye maneno "kilomita 50 bure" inaweza kukupa bili zinazopishana kwa mbali sana.

Katika hesabu hiyohiyo uliza bei ya kila kilomita inayozidi, kama usiku ina bei yake, na kama kuna malipo ya pembeni ya kulitoa gari mtaroni. Uliza pia gari linapelekwa wapi. Baadhi ya mipango huvuta hadi gereji iliyo karibu tu, au gereji wanayoichagua wao. Ukiwa Same na fundi wako yuko Tegeta, tofauti hiyo ni kubwa. Kuna mipango inayokutaka ulipe kwanza, kisha uombe kurejeshewa kwa risiti. Kama wako ni wa namna hiyo, ujue kwamba siku ya tukio utahitaji fedha mkononi au kwenye simu, na utahitaji risiti halali yenye jina la kampuni. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu haitakusaidia. Mwisho, angalia idadi ya safari za msaada kwa mwaka, na kama msaada unalifuata gari au unamfuata mtu. Familia yenye madereva watatu na gari moja inafaa msaada ulifuate gari. Mwenye kuendesha leo gari lake, kesho la shemeji, inafaa umfuate yeye.

Kuna jambo la ufundi ambalo wauzaji wengi hawaligusi, nalo linaweza kukugharimu gia nzima. Magari yetu mengi ni ya gia otomatiki. Gia hiyo hupata mafuta yake kwa pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma gari yakiwa yanazunguka chini, vyuma vya ndani vinasagana bila kulainishwa vya kutosha. Ukivutwa kwa kamba mwendo mrefu kutoka Mombo hadi Korogwe kwa sababu ya fenibelti, unaweza kufika ukiwa na tatizo la pili lenye bei kubwa kuliko la kwanza. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele linaweza kuvutwa likiwa limenyanyuliwa mbele. Lile linalosukumwa na yote manne, kama Subaru nyingi na baadhi ya Harrier na RAV4, lipakiwe lote juu ya lori lenye kitanda bapa. Ya haibridi nayo yabebwe hivyohivyo. Basi muulize muuzaji: mkandarasi wenu wa upande huu ana lori la kubebea gari zima, au ana winchi na cheni tu? Jibu liandikwe kwenye fomu yako pamoja na aina ya gari.

Kwa maisha ya mjini, hata hivyo, kuvutwa si hitaji la kila siku. Takwimu za ADAC mwaka baada ya mwaka zinaonyesha betri ndiyo chanzo kikuu cha magari kukwama, na dereva yeyote wa Dar aliyeacha taa zinawaka msikitini au kanisani anajua hilo bila takwimu. Betri ya kubustiwa, pancha, mafuta kuisha na funguo kufungiwa ndani ndiyo mambo ya wiki hadi wiki. Hapa mpango unaomtuma fundi kwa pikipiki, mwenye mashine ya kubusti na vifaa vya pancha begani, unaushinda ule wenye lori kubwa jipya, kwa sababu foleni ya Ubungo haimsimamishi. Soma pia yaliyoachwa nje. Kuna mipango isiyobadilisha tairi kama spea yako haina upepo, isiyokuja kwenye barabara ya vumbi, isiyonasua gari kwenye matope, au isiyopokea gari lililozidi umri fulani. Kipengele cha umri kisome mara mbili, maana magari yetu mengi hufika nchini yakiwa yameshatumika Japani miaka mingi.

Na abiria je? Muuzaji anafikiria gari, wewe umebeba mama mzee na watoto. Lori la kuvuta lina nafasi ya watu wawili au watatu kwenye kichwa, basi. Mpango mzuri unaeleza wengine watasafirishwaje hadi mji wa karibu, na kama kuna mchango wowote wa malazi. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na hapo huruhusiwi kufikiria kushuka na kutembea kutafuta msaada, kwa kuwa tembo na simba wako kwao. Ukikwama humo, washa taa za dharura, kaeni ndani, pigeni simu. Na kwa kuwa zipo sehemu za njia zetu ambazo simu haishiki, uliza kama kampuni inakubali taarifa kutoka kwa mtu mwingine. Dereva wa basi unayemkabidhi namba yako ya uanachama anaweza kuipigia kampuni kwa niaba yako akifika penye mtandao, lakini kampuni nyingine husisitiza kuzungumza na mwanachama mwenyewe kwa namba iliyosajiliwa. Sharti hilo ni zuri mjini na ni baya porini, kwa hiyo litafutie njia kabla ya safari.

Ajali ina utaratibu wake. Piga 112, subiri polisi wapime, na usikubali gari liondolewe kabla yao kwa kuwa tu lori limefika mapema. Malori mengine hufika bila kuitwa. Mtu anakuja na cheni, anaongea kwa haraka, anaanza kufunga ndoano huku wewe bado unatetemeka. Mzuie kwa upole na kwa uthabiti. Muulize jina la kampuni, nani kamtuma, bei, na gari linakwenda yadi gani, kisha wapigie watu wa mpango wako uthibitishe. Gari likishafika kwenye yadi usiyoijua, utalipia kuvutwa na utalipia kila siku ya kulala pale.

Hata aliyetumwa na kampuni yako, usimkabidhi gari kimyakimya. Lipige picha pande zote, na ndani, na buti ikiwa wazi: spea, jeki, spana, redio, betri. Piga picha ya kilomita kwenye dashibodi na ya namba ya lori. Ondoa kadi ya gari, kompyuta na vitu vya thamani. Andikianeni karatasi ya makabidhiano, hata kama ni ya mkono, kila mmoja asaini. Mpango ambao madereva wake hubeba fomu hiyo tayari umenionyesha, kwa kitu hicho kimoja, kwamba umewahi kufikiria upande wa mteja.

Kuna misimu miwili ambayo lazima uiulizie peke yake. Wa kwanza ni Desemba, wiki ya kuelekea Krismasi, ambapo barabara ya kaskazini hujaa watu wanaokwenda Kilimanjaro na Arusha kula sikukuu kwao. Lori moja la Korogwe haliwezi kuhudumia wote. Uliza kama wanaongeza magari wiki hiyo, na kama mkandarasi hatapatikana, watakurudishia gharama ukijitafutia mwingine au la. Wa pili ni masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na pale penye maji hakuna mkataba unaoweza kulivusha lori. Muuzaji mkweli atakuambia hivyo mwenyewe, kisha akueleze nini kinafanyika na gari lako mpaka njia ifunguke.

Kama unavuka mpaka, Namanga, Holili au Tunduma, usidhani Kadi ya Njano ya COMESA itakuvuta. Kadi hiyo ni hasa ya dhima yako kwa watu wengine katika nchi zilizomo kwenye mpango huo. Uliza kwa maandishi kama msaada wako unaishia geti la mpaka, na kama ni chama, kama kina makubaliano na chama cha upande wa pili, mfano AA Kenya.

Jambo jingine ni mahali pa kulalamika. Huduma uliyonunua kama nyongeza ya bima iko chini ya kampuni ya bima, na kampuni ya bima inasimamiwa na TIRA. Msipoelewana, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, inayopokea malalamiko ya wananchi. Uanachama ulionunua kwa kampuni ya kuvuta magari ni mkataba wa kawaida, na wewe ni mlaji anayelindwa kama walaji wengine, ambao masuala yao yapo pia mikononi mwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa bei zinazokaribiana, mimi ningechagua mpango wenye karatasi ya bima nyuma yake, mradi tu umepita mtihani wa Ruaha Mbuyuni.

Sitamshauri kila mtu alipe. Anayeendesha Mbezi hadi Posta tu, mwenye fundi anayemwamini na spea yenye upepo, anaweza kuweka fedha hiyo pembeni kila mwezi kwenye akaunti ya simu isiyoguswa, akawa salama kwa namna yake. Anayesafiri mikoani, mama anayeendesha usiku na watoto, mwenye gari la miaka 15 analolitegemea kwa riziki, hao walipe, na walipe baada ya kuuliza.

Ukishachagua, andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu namba ya dharura, namba ya uanachama, namba ya gari, na maneno "lipakiwe juu, lisivutwe kwa kamba" kama gari lako ni la aina hiyo. Iweke pamoja na pembetatu mbili na kizibao cha kung'aa, mahali panapofikika bila kupakua mizigo. Matawi ya miti yanasaidia mchana, ila usiku taa ya lori huyaona yakiwa yameshakaribia mno. Kisha mkalishe kila anayeliendesha gari hilo, mke, mume, kijana wako mwenye leseni mpya, na umwambie apige namba ile yeye mwenyewe mara moja, akiwa nyumbani, aulize Korogwe wana lori la aina gani.